Jinsi ya kuskiza country ukajua wapi ni ya asili na wapi ni pop

Huu ubishi uko kila mahali watu wanapenda country, na Kenya watu wanaipenda kweli kweli, Jumapili ukizungusha redio huwezi kukosa stesheni inapiga Don Williams au Dolly Parton. Mmoja anasema country ya ukweli iliisha na Jim Reeves na Kenny Rogers, hizi za siku hizi ni pop imevalishwa kofia. Mwingine anamwambia aache uzee, muziki lazima ukue. Sasa shida ni kwamba Jim Reeves na Kenny Rogers, wakati wao, ndo hao hao walikuwa wanalaumiwa Marekani kwamba wameigeuza country kuwa pop. Yani kile sisi tunakiita asili, kuna mzee mahali Tennessee mwaka 1958 alikiskia kwa redio akakizima.

Kwa hivo hapa sikuambii msanii gani ni halali na gani si halali. Nataka nikuonyeshe vile unaweza kufunza masikio yako mpaka wimbo wowote wa country ukipigwa unajua umetoka miaka gani, umeegemea upande gani, na mstari ulikuwa wapi siku hiyo ulipotoka. Maanake mstari upo, mi siamini wale wanaosema haupo, lakini unahama, na unahamishwa na watu na pesa na redio, haujihamishi wenyewe.

Unachohitaji ni kidogo. Simu, bando, na earphone zinazotoa besi vizuri, kwa sababu spika ya simu itakuficha nusu ya mambo. Nyimbo zote nitakazotaja zinapatikana kwa urahisi mtandaoni. Na uziskize mbili mbili, moja ikiisha nyingine inaanza hapo hapo, usiweke hata tangazo katikati ukiweza, manake sikio linasahau haraka sana.

Kitu cha kwanza: skiza pengo

Watu wengi wakitaka kujua kama wimbo ni country wanatafuta vyombo. Kuna banjo? Kuna fidla? Basi ni country. Hiyo njia itakudanganya. Njia ninayoiamini mi ni kuskiza pengo, yani pale mwimbaji akimaliza mstari mmoja kabla hajaanza mwingine, kuna nafasi ndogo ya sekunde mbili tatu hivi, sasa jiulize nani anajibu hapo. Hiyo nafasi ndo nyumba ya country. Kila kizazi kimeweka mtu tofauti humo ndani na ukijua ni nani umejua karibu kila kitu.

Anza na Hank Williams, "Cold, Cold Heart", 1951. Anaimba mstari, ananyamaza, na hapo linaingia gita la stili, lile linalopigwa likiwa limelazwa na chuma kinateleza juu ya nyuzi mpaka noti moja inamwagikia nyingine. Wakati mwingine ni fidla. Hakuna dramu ya maana, besi inatembea tu mbili mbili, na sauti ya Hank inapita puani na kukatika katikati ya neno. Ukimaliza hapo hapo weka Tony Bennett, wimbo ule ule, mwaka ule ule wa 1951, na huo wa Bennett ulifika namba moja kwenye chati ya pop. Maneno ni yale yale na melodi ni ile ile. Skiza pengo: sasa anayejibu ni okestra, violini nyingi pamoja, laini. Na Bennett hakatiki sauti hata mara moja.

Rudia hizo mbili mpaka uskie tofauti bila kufikiria. Ukishaweza hilo mengine yote ni rahisi. Baada ya pengo ongeza kuskiza mambo matatu mengine, chini kabisa kuna nini (besi na dramu zinatembea vipi), mdomo unatamka vipi, na maneno yanasimulia mtu mmoja na shida yake moja au yanataja taja vitu tu. La mwisho, ambalo haliskiki kwa earphone, ni wimbo uliingilia mlango gani, nani aliuuza na kwa chati ipi. Hilo la mlango nitalirudia sana.

Kabla hujaamini neno asili

Hapa nataka utulie kidogo kwa sababu watu wanakosea sana. Hiyo country tunayoiita ya asili haikutoka mahali pamoja safi. Banjo asili yake ni Afrika Magharibi, ilivuka bahari na watu waliochukuliwa utumwani. Fidla ilikuja na wahamiaji kutoka Uingereza, Scotland na Ireland. Lile gita la stili ni la Hawaii. Hank mwenyewe alifunzwa gita akiwa mtoto kule Alabama na mwanamuziki mweusi wa mtaani, Rufus Payne, aliyejulikana kama Tee Tot.

Mstari wa kwanza kabisa haukuchorwa na wanamuziki, ulichorwa na maduka. Miaka ya 1920 kampuni za rekodi Marekani zilikuwa zinauza muziki wa watu wa kusini kwa makabati mawili, moja la watu weusi na moja la weupe wa mashambani, hata kama wimbo ni ule ule. Halafu 1927 prodyuza Ralph Peer akaenda Bristol, mji ulio mpakani mwa Tennessee na Virginia, akarekodi ndani ya wiki moja Carter Family na Jimmie Rodgers. Hao wawili ndo kila mtu anawataja kama mwanzo. Sasa waskize wote wawili. Carter Family ni nyimbo za nyumbani na kanisani, sauti zimenyooka, gita la Maybelle linabeba melodi kwenye nyuzi nene za chini. Jimmie Rodgers ni mburudishaji, ana blues, ana ile yodel ya kurusha sauti, na mwaka 1930 alirekodi "Blue Yodel No. 9" na Louis Armstrong kwenye tarumbeta. Louis Armstrong! Jazz! Kwa hivo pale pale kwenye mwanzo kuna mmoja anaangalia nyumbani na mwingine anaangalia soko, na wote wawili ni country.

Rekodi za huyo Rodgers zilifika mbali kuliko wengi wanavyojua. Hugh Tracey alipokuja kurekodi muziki wa Wakipsigis kule Kapkatet mwaka 1950 alikuta watu wana wimbo unaitwa "Chemirocha", na hilo jina ni Jimmie Rodgers lilivyotamkwa na watu waliomskia kwa gramafoni, wakampa wimbo wao na kinubi chao. Utafute uuskize, ni mzuri mno. Na ukiuskiza utaelewa kwamba huku kwetu hatukuanza kuipenda country juzi.

Nashville inatoa fidla nje

Sasa tuingie kwenye mhamo wa kwanza mkubwa, na huu nataka ukae nao muda mrefu kwa sababu ndo uliotupa sisi country tunayoijua. Mwaka 1956 Elvis Presley alilipuka na rock'n'roll ikameza vijana wote, stesheni nyingi za redio zikaacha country, wasanii wakakosa kazi. Nashville, mji wa Tennessee wenye studio za country, ikaogopa. Waliokuwa studio, Chet Atkins kwa kampuni ya rekodi ya RCA na Owen Bradley kwa Decca, wakaamua kama vijana wameenda basi tutafute watu wazima wa mjini, wale wanaopenda muziki laini wa usiku. Wakatoa fidla, wakatoa gita la stili au wakalipunguza, wakaleta waitikiaji wanaoimba uuu na aaa nyuma, wakaleta violini za pamoja, na piano ya Floyd Cramer.

Zoezi: chukua Jim Reeves, "Mexican Joe" ya 1953, alafu "Four Walls" ya 1957. Utafikiri ni watu wawili. Ya kwanza anapaza sauti, wimbo unaruka ruka, bendi ni ya kijijini kabisa. Ya pili amesogea karibu na maiki na anaimba chini, kama anakuambia siri. Sasa malizia na "He'll Have to Go" iliyotoka mwisho wa 1959, uskize pengo. Anayejibu ni piano na sauti za waitikiaji wa Anita Kerr. Hakuna fidla. Hii ni pop ya watu wazima, na ni nzuri ajabu, mi hii rekodi siwezi kuisema vibaya, kila chombo kimewekwa mahali pake na hakuna kimoja kinamsumbua mwimbaji.

Fanya hivo hivo na Patsy Cline, "Crazy", 1961, wimbo ulioandikwa na kijana anaitwa Willie Nelson. Mwenyewe Patsy alipenda zaidi nyimbo za kurukaruka na yodel lakini Bradley akamuona ni mwimbaji mkubwa wa nyimbo za mapenzi, na alikuwa sahihi.

Inasimuliwa kwamba Chet Atkins akiulizwa huo mtindo wa Nashville ni nini alikuwa anaingiza mkono mfukoni anachezesha sarafu zilie. Hakuwa anaficha. Na mwaka 1958 ndo ikaundwa ile Country Music Association, CMA, kazi yake ikiwa kuiuza country kwa redio na watangazaji. Kwa hivo ukiskia mtu anasema zamani country haikuwa ya biashara, mpe hiyo.

Na hizi ndo rekodi zilizosambaa Afrika. Jim Reeves alikuja Afrika Kusini 1962 na akapokelewa kwa kishindo. Rekodi za Nashville laini zilikuwa rahisi kuelewa hata kama Kiingereza cha mtu ni kidogo, sauti iko mbele, maneno yanatamkwa wazi, mwendo ni wa pole. Ndo maana ukimuuliza mzee Nakuru au Arusha country ya zamani ni ipi atakutajia hawa, hakutajii Hank.

California inakataa

Kila Nashville ikilainika sana kuna mahali pengine panakasirika. Miaka ya 1960 palikuwa Bakersfield, California, mji wa mafuta na mashamba uliojaa watu waliokimbia ukame na umaskini wa Oklahoma na Texas miaka ya 1930. Kwenye baa za huko watu wanacheza, kwa hivo muziki lazima upige. Buck Owens na Merle Haggard wakarudisha gita la stili, wakaweka gita la umeme la Telecaster lenye sauti kali inayokata, na dramu zinazoskika.

Sasa angalia kitu. Hao waliokuwa wanatetea asili walikuwa wanatumia umeme na dramu, na dramu Opry, ile shoo kubwa ya redio ya Nashville, iliikataa jukwaani kwa miaka mingi. Bob Wills wa Texas tayari alikuwa na dramu na tarumbeta tangu miaka ya 1930 na akaitwa kila jina. Ilipofika 1965 dramu si kosa tena, kosa limekuwa violini. Huo ndo mstari kuhama kwa macho yako.

Buck Owens Machi 1965 alichapisha kiapo gazetini kwamba hataimba wimbo wowote usio country. Mwezi huo huo albamu yake ikatoka na ndani yake ana "Memphis" ya Chuck Berry, mtu wa rock'n'roll. Watu wakamrukia. Uuskize huo wimbo wake na uamue mwenyewe, mi kwa sikio langu ni country mtupu, kwa sababu anayejibu kwenye pengo ni Telecaster ya Bakersfield na mdomo ni wa Buck, na hakuna kinachomtoa pale. Mwandishi wa wimbo hafanyi wimbo uwe country au usiwe. Hili litakusaidia mbele kidogo.

Moto wa 1975

Miaka ya 1970 ndo ubishi uliwaka, na hapa mlango unaanza kuwa na nguvu kuliko pengo. CMA 1974 ikampa Olivia Newton-John, mwimbaji wa pop aliyekulia Australia, tuzo ya mwimbaji bora wa kike. Wasanii wakakutana nyumbani kwa George Jones na Tammy Wynette wakaunda chama chao cha kulinda country. Mwaka uliofuata Charlie Rich alisimama jukwaani kutangaza msanii bora wa mwaka, akafungua bahasha, akatoa kiberiti akachoma ile karatasi na kutaja jina la John Denver. Ilichukuliwa kama kilio cha asili. Lakini enda uskize Charlie Rich mwenyewe, "Behind Closed Doors" ya 1973, uhesabu violini. Alikuwa laini kuliko Denver! Kwa hivo ukiskia kelele ya asili usiskize kelele peke yake, skiza rekodi za anayepiga kelele.

Upande wa pili kulikuwa na Waylon Jennings na Willie Nelson waliotaka kurekodi na bendi zao wenyewe bila prodyuza kuwawekea violini. Willie akatoa "Red Headed Stranger" 1975, albamu kavu kabisa, gita na piano na harmonika, watu wa lebo walidhani bado haijamalizwa. Ikauza sana. Na 1976 mkusanyo wao wa "Wanted! The Outlaws" ukawa albamu ya kwanza ya country kupewa platinamu, yani tuzo ya kuuza kopi milioni moja. Yani hata ukavu ukawa bidhaa.

Zoezi ninalolipenda zaidi kwenye mwongozo wote huu ni Dolly. Skiza "Jolene" ya 1973 alafu "Here You Come Again" ya 1977. Hiyo ya pili iliandikwa na watunzi wa pop na imepangwa kipop, piano juu, kila kitu kinang'aa. Dolly akaogopa mashabiki wake watasema amewaacha, akaomba gita la stili liongezwe liskike. Uskize vizuri utalipata. Ona vile limegeuka. Kwa Hank gita la stili lilikuwa linalia, ndo moyo wa wimbo, hapa limekuwa kitambulisho, kama mtu anaonyesha kadi mlangoni apite. Ukishaiskia hii tofauti, kati ya chombo kinachofanya kazi na chombo kinachoonyeshwa tu, hutaweza kuacha kuiskia, na nyimbo nyingi za redio za Nashville kuanzia hapo zitakuonyesha kadi.

Kenny Rogers naye alitoka kwenye bendi ya rock. "The Gambler" ya 1978 ni simulizi safi, mtu wawili kwenye treni, ina mwanzo na mwisho, hiyo ni kazi ya country ya zamani kabisa upande wa maneno. "Lady" ya 1980 imeandikwa na Lionel Richie na ni balladi ya soul na pop, lakini ilipanda namba moja kwenye chati zote mbili, ya pop na ya country. Ziweke mbili mbili. Mwimbaji mmoja, sauti moja ya kukwaruza, na mstari unapita katikati yake.

Kurudi na kuondoka tena

Miaka ya 1980 hii nitapita mbio. Filamu ya Urban Cowboy 1980 ikafanya buti na kofia kuwa fasheni, redio ikajaa country laini, mauzo yakaporomoka baada ya muda, na hapo wakaingia George Strait, Ricky Skaggs, kisha Randy Travis 1986 na "Storms of Life". Fidla ikarudi kwenye pengo. Ukitaka kujifunza mdomo wa country unavyoshuka chini bila kulazimisha, skiza Randy Travis wiki nzima.

Alafu 1991 kikatokea kitu kisicho na gita wala fidla. Billboard, jarida la Marekani linalotoa chati za muziki, ilikuwa inapanga chati za albamu kwa kuuliza maduka yameuza nini, na mwezi wa Mei ikaanza kutumia kompyuta inayohesabu mauzo halisi pale kaunta. Ghafla ikaonekana country inauza kuliko watu wa mjini walivyodhani, na Septemba ile Garth Brooks na "Ropin' the Wind" ikaingia moja kwa moja namba moja ya albamu zote, country ya kwanza kufanya hivyo. Lebo zikaona pesa, na Garth alikuwa na fidla ndiyo, lakini shoo yake ilikuwa ya rock, akining'inia kwa kamba juu ya watu uwanjani.

Shania Twain ndo darasa la kipindi hiki. Prodyuza wake Mutt Lange alitoka kwa bendi za rock, AC/DC na Def Leppard. "Come On Over" ya 1997 imeuza zaidi ya kopi milioni 40, na cha muhimu kwako wewe ni kwamba kuna toleo la kwanza la Marekani na kuna toleo la kimataifa lililotoka baadaye, ambalo fidla na gita la stili vimepunguzwa au kuondolewa, vikawekwa vyombo vya pop. Tafuta yote mawili. Wimbo ule ule, mwimbaji yule yule na kiitikio kile kile, na watu wa studio wamekuonyesha wenyewe walidhani mstari uko wapi: wakatoa hiki wakaweka kile. Hakuna somo la wazi kuliko hilo. Na kuna uwezekano mkubwa toleo lililofika huku kwetu ni hilo la kimataifa, kwa hivo kama ulimskia Shania utotoni ukafikiri ni pop, sikio lako halikukosea.

Mwaka 2000 George Strait na Alan Jackson wakaimba "Murder on Music Row", wakisema country imeuliwa pale Nashville. Unaweza kukubali, lakini ukumbuke hapa anayelilia asili ni mtu aliyekuwa na hiti redioni miaka yote hiyo. Mwaka huo huo muziki wa filamu ya "O Brother, Where Art Thou?", nyimbo za milimani za mtindo wa kale, redio za country karibu hazikuupiga kabisa na bado uliuza mamilioni na ukachukua Grammy ya albamu ya mwaka 2002. Mlango wa redio ulikuwa umefungwa, watu wakapita dirishani.

Chati inabadilika, biti inaingia

Oktoba 2012 ni tarehe ya kuandika mahali. Mpaka hapo chati ya Billboard ya nyimbo za country ilihesabu nyimbo zinapigwa mara ngapi kwenye redio za country. Kuanzia hapo wakaanza kuhesabu na mauzo ya mtandaoni, strimingi, na kupigwa kwa redio za aina zote. Maana yake wimbo wa country ukiwa na rimiksi ya pop inayopigwa kwa redio za pop, hizo pointi zote zinarudi kwenye chati ya country. Florida Georgia Line walikuwa na "Cruise", wakafanya rimiksi na rapa Nelly, na wimbo ukakaa namba moja wiki 24, rekodi iliyokuwapo ilikuwa wiki 21. "Body Like a Back Road" ya Sam Hunt wiki 34, 2017. "Meant to Be" wiki 50. Hizo nyimbo hazikuwa bora mara mbili kuliko za Hank, mzani ndo ulibadilishwa.

Skiza "Cruise" mbili, ya kwanza na ya rimiksi. Pengo sasa limejazwa na makofi na biti ya kompyuta, banjo iko lakini inazungushwa kama biti tu, na mdomo unarapu nusu nusu. Hapo sina shida, Jimmie Rodgers naye alichukua blues ya watu weusi. Shida yangu ni maneno. Kipindi kile nyimbo nyingi ziligeuka orodha, gari la pikapu, bia, jinzi, barabara ya vumbi, msichana asiye na jina wala neno la kusema. Rudi kwa "The Gambler" au kwa Loretta Lynn, "Coal Miner's Daughter", uone mtu mmoja anaishi ndani ya wimbo. Kwangu huo ndo upotevu mkubwa kuliko fidla, na ndo maana ukiniuliza wimbo ni wa asili kiasi gani nakuuliza kwanza, ni nani huyo ndani?

Nani anaruhusiwa kupita

Machi 2019 Billboard ilitoa "Old Town Road" ya rapa mweusi Lil Nas X kwenye chati ya country, wakisema haina vya kutosha vya country ya leo. Ina banjo iliyosampuliwa, ina farasi, ina kofia, na biti ya trapu. Redioni wakati ule kulikuwa na nyimbo za weupe zenye biti kama hiyo na hazikutolewa. Wimbo ukaenda kukaa namba moja ya chati kuu wiki 19. Hapa earphone hazikusaidii, ni lazima ujue habari ya yale makabati mawili ya miaka ya 1920, na ya DeFord Bailey, mpiga harmonika mweusi aliyekuwa nyota wa Opry tangu ilipoanza kuitwa hivyo na akafukuzwa 1941, na ya Charley Pride, mwimbaji mweusi ambaye lebo ilituma rekodi zake za kwanza kwa redio bila picha.

Ndo maana Beyoncé alipotoa "Cowboy Carter" 2024 aliweka banjo ya Rhiannon Giddens, mwanamuziki mweusi, mwanzoni mwa "Texas Hold 'Em" na akamleta Linda Martell, mwanamke mweusi wa kwanza kuimba peke yake Opry, 1969. CMA haikumteua hata kwa tuzo moja. Grammy Februari 2025 ikampa albamu bora ya country na albamu ya mwaka. Miezi michache baadaye, Juni, wenye Grammy wakatangaza wanagawa tuzo hiyo mara mbili, moja ya country ya asili na moja ya country ya kisasa. Wapo wanaosema ni kulinda asili, wapo wanaosema ni kujenga ukuta baada ya mgeni kuingia. Mi nadhani waliochelewa ni wao, lakini muda walioichagulia unaniuma. Vyovyote vile, mstari sasa una karatasi.

Jipime

Sasa chukua nyimbo hizi bila kuangalia chati wala picha. Zach Top, "Cold Beer & Country Music", 2024. Shaboozey, "A Bar Song", 2024, mtoto wa wahamiaji wa Nigeria, na kiitikio chake kimetoka kwenye rapu ya J-Kwon ya 2004. Moja ya Sir Elvis wetu wa Kenya ukimpata akiimba laivu. Kwa kila moja andika vitu vinne, pengo, chini, mdomo, nani yuko ndani ya wimbo, na ndo mwisho uandike mlango. Usishangae Zach Top akikupeleka 1990 moja kwa moja, na usishangae Shaboozey akiwa na fidla inayofanya kazi kuliko hiti nyingi za Nashville.

Ya mwisho ni ngumu kidogo. Tracy Chapman, "Fast Car", 1988, kisha Luke Combs, wimbo ule ule, 2023. Combs karibu hakugusa kitu, hata maneno ya dada mfanyakazi wa duka aliyaacha vilevile. Mwaka 1988 hakuna redio ya country ingeipiga, 2023 ilishika namba moja redio za country na CMA ikampa Chapman tuzo ya wimbo wa mwaka, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Zipige zote mbili, na kabla hujasema kilichobadilika ni nini, rudi kwenye lile pengo baada ya mstari wa kwanza wa kila moja.